Fiksi ya Kwanza: Kugeuza Baiskeli Kuukuu, Kununua Iliyo Tayari, au Kuunda Kutoka Fremu Tupu

Fiksi ni baiskeli ya gia moja isiyo na friwili: gurudumu la nyuma likizunguka, pedali huzunguka nalo, na mpandaji hawezi kupumzisha miguu huku baiskeli ikiendelea kwenda. Wapanda baiskeli wa keirin, mashindano ya baiskeli ya uwanjani nchini Japani, wamekuwa wakishindana juu ya baiskeli za namna hiyo tangu mwaka 1948, na matarishi wa miji mikubwa kama New York na London walizichukua kutoka viwanjani wakazifanyia kazi barabarani. Anayetaka kuanza leo ana njia tatu. Anaweza kuchukua baiskeli kuukuu ya chuma ya mashindano ya barabarani, akaivua gia zake na kuigeuza. Anaweza kununua fiksi iliyokwisha kuunganishwa. Au anaweza kutafuta fremu tupu ya uwanjani na kukusanya vifaa kimoja baada ya kingine mpaka baiskeli ikamilike.

Nimezipita njia zote tatu katika miaka niliyoishi London. Watu wanaonijia kutaka ushauri karibu wote huanza na fremu: jina lililoandikwa juu yake, rangi yake, uzito wake. Mimi huwaomba tuanze na gurudumu la nyuma, kwa sababu ndilo linaloamua kama baiskeli ni salama, na mara nyingi ndilo linaloamua pia gharama.

Vigezo nitakavyotumia ni sita: gurudumu la nyuma na namna sproketi (duara la meno linaloshika mnyororo) inavyofungwa, fremu na namna mnyororo unavyokazwa, breki, gharama yote hadi siku ya kwanza barabarani, kazi na zana zinazohitajika, na mwisho gia, pamoja na jinsi baiskeli inavyokwenda.

Gurudumu la nyuma

Habu halisi ya fiksi, yaani kitovu cha gurudumu, ina hesi za hatua mbili. Hatua ya kwanza, iliyo pana, hupokea sproketi, nayo hukazwa kwa kuzungushwa kulia kama nati yoyote ya kawaida. Hatua ya pili, iliyo nje yake na yenye kipenyo kidogo zaidi, hupokea ringi ya kufungia, na hesi yake ni ya kinyume, yaani ringi hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Mpangilio huo una sababu. Unapokanyaga kwenda mbele, sproketi hujikaza yenyewe. Unapozuia pedali kwa miguu ili kupunguza mwendo, nguvu hugeuka na sproketi hutaka kufunguka kuelekea kushoto. Lakini ikijaribu kuondoka huikuta ringi ambayo upande huohuo ndio upande wake wa kukaza. Ndiyo maana mpandaji anaweza kuzuia kwa uzito wake wote bila kitu chochote kulegea.

Anayegeuza baiskeli kuukuu hukutana hapa na mtego wake mkubwa kuliko yote. Habu ya zamani iliyoshika friwili kwa kawaida ina hesi ya kipimo kilekile cha habu ya fiksi, inchi 1.37 kwa nyuzi 24 katika kila inchi, na kwa hiyo sproketi ya fiksi huingia vizuri na kukaa kana kwamba kazi imekwisha. Kinachokosekana ni ile hatua ya pili. Nilipogeuza baiskeli yangu ya kwanza niliikaza sproketi kwa nguvu, nikaongeza gundi ya hesi, nikabana juu yake ringi iliyotoka kwenye ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedali; ringi hiyo hesi yake ni ya kulia kama ya sproketi yenyewe. Kwa wiki mbili ilishika. Wiki ya tatu, kwenye mteremko usiokuwa mkali hata kidogo, nilizuia pedali nikahisi zinarudi nyuma bila kuzuia chochote, sproketi ikiwa imejifungua pamoja na ringi yake. Kilichonisimamisha ni breki ya mbele. Tangu siku hiyo siwashauri watu kugeuza baiskeli bila kununua gurudumu la nyuma lenye habu halisi, hata kama bajeti ni ndogo. Ni afadhali kuahirisha.

Fiksi iliyo tayari huwa imelitatua jambo hili kiwandani. Nyingi huja na habu ya pande mbili: upande mmoja una hatua ya ringi ya kufungia kwa ajili ya fiksi, na upande wa pili una hesi ya friwili, hivyo mmiliki akichoka anageuza gurudumu na kuendesha gia moja ya kawaida. Kwa mgeni, huo ni uhuru wa thamani. Udhaifu wake uko katika ubora wa vitu vidogo: kwenye baiskeli za bei ya chini, sproketi huenda ikawa ya chuma laini, ringi haikukazwa vya kutosha, na spoki zina mkazo usiolingana. Fundi akague vyote vitatu kabla ya safari ya kwanza, na ringi ikazwe tena baada ya siku chache za kuendesha.

Anayeunda mwenyewe huchagua kila kitu, na hapo ndipo raha yake ilipo. Akitaka habu ya Dura-Ace ya uwanjani, ya Phil Wood, au ya Novatec isiyo ghali, ni uamuzi wake, mradi vipimo vikubaliane. Ringi nyingi za kufungia zina kipimo cha inchi 1.29, ilhali habu za Campagnolo za Italia hutumia inchi 1.32, tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu hesi ya habu ghali kwa mzunguko mmoja wa spana.

Fremu na mkazo wa mnyororo

Fiksi haina kifaa cha kuvuta mnyororo. Mkazo hupatikana kwa kulisogeza gurudumu lenyewe nyuma, na hilo linawezekana tu ikiwa mikato ya fremu inayopokea ekseli imelala, angalau kwa sehemu. Fremu nyingi za chuma za miaka ya 1970 na 1980 zina mikato iliyolala kwa mshazari, na zinafaa kugeuzwa. Fremu nyingi zilizokuja baadaye zina mikato wima. Hizo zinahitaji habu maalumu yenye ekseli isiyo katikati, na gharama yake hufuta faida yote ya kununua kitu kikuukuu.

Baada ya mikato, pima upana uliopo kati yake. Habu ya kawaida ya fiksi ni milimita 120. Fremu zilizotengenezewa sproketi tano kwa kawaida zina upana huohuo, za sproketi sita au saba zina 126, na za nane kuendelea zina 130. Kutoka 126 hadi 120 tatizo si kubwa: washa ya milimita 3 kila upande hutosha ikiwa ekseli ni ndefu, au fundi mzoefu anaweza kuibana fremu taratibu ikiwa ni ya chuma. Alumini na kaboni hazibanwi hata kidogo, kwa sababu hupasuka. Tena kuna tofauti za kitaifa katika ekseli ya kati inayoshika mikono ya pedali: fremu ya Italia ina hesi ya milimita 36, Peugeot nyingi za zamani zina milimita 35, na baadhi ya Raleigh zilizotengenezwa Nottingham zina nyuzi 26 kwa inchi mahali ambapo wengine wote wa Uingereza walitumia 24. Aliyepata fremu ya mabomba ya Reynolds 531, chuma chepesi cha Kiingereza, kwa bei ya chini amepata kitu kizuri, lakini aihakiki ekseli hiyo kabla ya kushangilia.

Fiksi iliyo tayari na fremu ya uwanjani zote zina mikato iliyolala kabisa na kufunguka kuelekea nyuma, upana wa milimita 120, na ekseli ya kati iliyo juu zaidi kuliko ya baiskeli ya barabarani. Urefu huo una maana kubwa kwa fiksi: kwa kuwa pedali hazisimami kwenye kona, pedali iliyo chini inaweza kugonga barabara baiskeli ikiinama. Anayegeuza baiskeli kuukuu hupunguza hatari hiyo kwa kutumia mikono ya pedali ya milimita 165 badala ya 170, na kwa kuingia kona kwa mwendo wa kiasi. Fremu halisi ya uwanjani nayo ina kasoro yake mjini: ni fupi kiasi kwamba ncha ya kiatu inaweza kugusa gurudumu la mbele unapokata kona polepole, na mara nyingi haina nafasi ya vizuia matope wala tairi pana.

Msomaji aliye Afrika Mashariki huenda akajiuliza kuhusu ile baiskeli ya kawaida ya nyumbani, Phoenix au Hero. Mikato yake hufunguka nyuma, na hilo ni jambo jema. Ugumu uko tena kwenye gurudumu: habu yake ni ya friwili isiyo na hatua ya ringi, na rimu nyingi za magurudumu ya nyuma ya aina hiyo zina matundu 40 ya spoki, ilhali habu za fiksi huuzwa zaidi zikiwa na matundu 32 au 36. Kwa msomaji huyo, fremu ya chuma ya mashindano iliyofika kwa mitumba ni mwanzo mwepesi zaidi, akishalipata gurudumu lake.

Breki

Hapa maneno ni machache kwa sababu sioni nafasi ya mjadala. Barabarani, fiksi iwe na breki ya mbele. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinataka mifumo miwili ya kuzuia inayojitegemea, na gurudumu la nyuma la fiksi huhesabiwa kuwa mmojawapo. Breki ya mbele hukamilisha wa pili. Hata pasipokuwa na sheria, gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kusimamisha, kwa sababu uzito huhamia mbele unapozuia.

Baiskeli iliyogeuzwa huwa na breki zake tangu zamani, na huhitaji vipande vipya vya mpira na waya tu. Fiksi iliyo tayari kwa kawaida huuzwa ikiwa na breki, walau ya mbele. Fremu ya uwanjani ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa maana foko yake, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, huenda haina tundu la breki. Fremu zilizokubaliwa kwa mashindano ya keirin ya Japani, zenye muhuri wa NJS, hazikutobolewa kwa sababu viwanjani breki hazitumiki. Usikubali foko ya namna hiyo itobolewe ovyo na mtu yeyote mwenye drili. Nunua foko nyingine.

Gharama hadi siku ya kwanza barabarani

Njia ya kugeuza huonekana nafuu kuliko zote, na inaweza kuwa hivyo, lakini hesabu ifanywe hadi mwisho. Gurudumu jipya la nyuma lenye habu ya fiksi linaweza kugharimu zaidi ya baiskeli kuukuu yenyewe. Juu yake kuna sproketi, ringi, mnyororo, boliti fupi za sproketi ya mbele, tairi, tyubu, waya na mipira ya breki. Kuna pia jambo linalowashtua wengi: baiskeli nyingi za zamani zilikuwa na magurudumu ya inchi 27, ambayo kipenyo chake kwenye rimu ni milimita 630, ilhali magurudumu ya sasa ya 700C ni milimita 622. Breki lazima zishuke milimita 4, na si zote zinafika huko. Ukibadilisha gurudumu la nyuma peke yake utabaki na tairi za vipimo viwili tofauti.

Fiksi iliyo tayari ina bei moja inayojulikana tangu mwanzo. Uingereza, za kiwango cha kawaida ziko kati ya pauni 300 na 600 hivi, na vifaa vilevile ukivinunua kimoja kimoja dukani vitakugharimu zaidi. Gharama yake iliyofichika hujitokeza baadaye, pale pedali, kiti na mnyororo wa bei ya chini vinapoanza kuchoka kwa pamoja. Kuunda kutoka fremu tupu ndiyo njia ghali kuliko zote, ila fedha hutoka kidogo kidogo, na kila kifaa kinaweza kuhamishiwa baiskeli ijayo. Nina mikono ya pedali ambayo sasa iko kwenye fremu yake ya tatu.

Kazi, zana na maarifa

Njia zote tatu zinadai zana mbili: spana ya milimita 15 kwa nati za ekseli, na spana ya ndoano kwa ringi ya kufungia. Anayenunua iliyo tayari anaweza kukaa muda mrefu na hizo tu. Anayeunda huongeza ufunguo wenye kipande cha mnyororo wa kukazia sproketi, kifaa cha kung'olea mikono ya pedali, na zana ya ekseli ya kati, na kwa kuwa vifaa vyake ni vipya, kazi huenda kwa mpangilio.

Anayegeuza anahitaji zana hizohizo pamoja na subira kubwa zaidi. Friwili iliyokaa miaka 30 bila kufunguliwa inaweza kukataa kabisa, na nguzo ya kiti iliyoshikana na fremu kwa kutu inaweza kuimaliza Jumamosi nzima. Lakini nasema kwa dhati kwamba niliyojifunza kwenye baiskeli ile kuukuu yamenisaidia kuliko mengine yote, kwa sababu nililazimika kuelewa kwa nini kila kitu kiko mahali kilipo. Moja ya mambo hayo ni mstari wa mnyororo: sproketi ya mbele na ya nyuma lazima ziwe umbali mmoja kutoka katikati ya fremu, na kwa fiksi kipimo cha kawaida ni milimita 42. Kwenye baiskeli iliyo tayari mstari huo umeshapangwa. Kwenye iliyogeuzwa hupatikana kwa kuhamisha sproketi ya mbele kutoka upande wa nje wa mkono wa pedali kwenda wa ndani, au kwa kubadilisha urefu wa ekseli ya kati, na mnyororo unaokwenda kwa mshazari hupiga kelele na huweza kuruka.

Onyo moja ni la wote. Usifute mnyororo wa fiksi kwa kitambaa huku gurudumu likizunguka. Hakuna friwili ya kuuachia. Kitambaa kikinaswa huvuta kidole hadi kwenye meno, na kidole hukatika.

Gia na mwendo

Fiksi nyingi zilizo tayari huja na meno 44 au 46 mbele na 16 nyuma. Kwa gurudumu la mzingo wa karibu mita 2.1, uwiano wa 46 kwa 16 hukupeleka kama mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 90 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 33 kwa saa. Hiyo ni gia nzito kwa anayeanza katika mji wenye vilima au taa nyingi za barabarani. Kwa 44 kwa 17 unapata mita 5.4 na kilomita 29 kwa saa kwa mizunguko ileile, na unaondoka kwenye taa bila kuumiza magoti. Gia nyepesi nayo hudai malipo yake kwenye mteremko: kwa kilomita 40 kwa saa miguu itabidi izunguke zaidi ya mara 120 kwa dakika, ikitaka isitake.

Anayegeuza au kuunda hupanga uwiano huo tangu mwanzo, na aliyenunua hubadilisha sproketi ya nyuma kwa gharama ndogo. Wanaopenda kusimamisha kwa kuliburuza gurudumu la nyuma wafanye hesabu nyingine pia. Rahisisha sehemu ya meno ya mbele kwa ya nyuma, na namba inayobaki chini ni idadi ya mahali ambapo tairi italika. Kwa 48 kwa 16 inabaki 3 kwa 1, yaani tairi italika mahali pamoja tu na itatoboka mapema. Kwa 46 kwa 17 zinabaki sehemu 17, na tairi italika kwa usawa.

Kwa hisia ya mwendo, iliyogeuzwa ni tulivu na ndefu, inafaa kwa safari za saa nyingi na mara nyingi hupokea vizuia matope. Ndivyo vilabu vya Uingereza vilivyozoea kupita majira ya baridi, kwenye gia moja isiyo na friwili. Fremu ya uwanjani hugeuka kwa haraka na huitikia kila mkanyago, jambo linalofurahisha kwa saa moja na kuchosha mabega kwa saa nne. Iliyo tayari hukaa katikati ya hizo mbili.

Kulingana na hali yako

Ikiwa hujawahi kuendesha fiksi na hujui kama utaipenda, iliyo tayari yenye habu ya pande mbili inakufaa zaidi, kwa sababu ukishindwa utabaki na baiskeli nzuri ya gia moja. Jizoeze kwanza mahali pasipo na magari, kwani mwili hukumbuka friwili na hujaribu kupumzika pasipowezekana.

Ikiwa unapenda kazi ya mikono kuliko kasi, na una miezi badala ya siku, geuza. Njia hii inamfaa pia mwenye safari ndefu za kwenda kazini, na anayeishi mahali ambapo fiksi mpya hazipatikani lakini fremu za chuma zipo.

Ikiwa lengo lako ni uwanja, kama ule wa Herne Hill wa London uliofunguliwa mwaka 1891 na kutumika katika Olimpiki ya 1948, iliyogeuzwa haitakufaa, kwa kuwa ekseli yake ya kati iko chini na pedali zinaweza kugonga mwinamo wa uwanja. Azima au kodi baiskeli ya uwanjani kwanza, kisha unda yako ukishajua urefu wa fremu unaokufaa.

Ikiwa umekwisha kuendesha fiksi mwaka mmoja au miwili na unajua gia yako, umbo la usukani unaoupenda na tairi unayoitaka, kuunda kutoka fremu tupu hakutakuwa ubadhirifu. Anayeunda kabla ya kujua hayo hununua vitu vingi mara mbili.

Na ikiwa tayari kuna baiskeli kuukuu nyumbani inayokuvutia, usinunue kitu bado. Vua gurudumu la nyuma, tazama kama mikato imelala, pima upana kati yake kwa rula ya milimita, soma kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha mpelekee fundi namba hizo na umwulize bei ya gurudumu moja lenye habu ya fiksi. Jibu lake ndilo litakalokuambia kama ugeuze hiyo uliyo nayo au uiache kama ilivyo na kutafuta nyingine.